Lishe ya macho imewasahau wazee wa Dodoma

Kila mwaka, Juni na Desemba, akina mama wa Dodoma hubeba watoto wao kwenda zahanati kupata matone ya vitamini A. Kampeni hii imezoeleka kiasi kwamba hata bibi asiyejua kusoma atakwambia matone yale ni ya macho na ya kinga. Walengwa ni watoto wa miezi 6 hadi 59, na wanastahili kabisa. Kinachonisumbua ni mahali mazungumzo yanapoishia. Mtoto akishavuka miaka mitano, habari ya chakula na macho inafungwa, na haifunguliwi tena mpaka siku mtu wa miaka 65 atakapoanza kumimina chai nje ya kikombe. Hapo anaambiwa ni uzee.

Nasema si uzee peke yake. Sehemu ya kinachoharibu macho ya wazee wetu hupitia kwenye sahani kwa miaka 30 au 40. Na kingi kati ya kinachoweza kuyalinda kinaota, kinaanikwa na kuuzwa hapa hapa katikati ya Tanzania. Tunakiacha taratibu, hasa sisi tuliohamia mjini.

Mkoa huu una historia ndefu katika jambo hili. Hospitali ya Mvumi, kusini mashariki mwa jiji la Dodoma, ilijulikana hata nje ya nchi kwa huduma za macho katika miaka ya 1970 na 1980, wakati Dk. Allen Foster alipokuwa akifanya kazi pale. Mwaka 1987 yeye na mtafiti Alfred Sommer walichapisha utafiti kuhusu watoto wa Tanzania waliopata vidonda kwenye kioo cha mbele cha jicho. Surua ilikuwa chanzo kikubwa, na pamoja na surua kulikuwa na upungufu wa vitamini A. Wengine waliumizwa na dawa za kienyeji zilizotiwa machoni. Chanjo na matone vimeokoa macho mengi tangu hapo, na nadhani mafanikio hayo ndiyo yaliyotufanya tuone kwamba kazi ya lishe kwenye macho imekwisha.

Watoto wa miaka ile sasa wana miaka 40 na kitu, umri ambao simu inaanza kusogezwa mbali ili maandishi yasomeke. Hapo ni lazima niseme wazi kile ambacho chakula hakiwezi. Lenzi ya jicho hupoteza unyumbufu wake kadiri umri unavyosonga, na hakuna karoti itakayoirudisha. Dawa ni miwani ya kusomea. Mtoto wa jicho akishakomaa, dawa ni upasuaji: lenzi iliyofifia inatolewa na ya bandia inawekwa. Presha ya macho inaua mshipa wa fahamu wa jicho kimyakimya, na inahitaji matone ya hospitali au upasuaji kabla hasara haijawa kubwa, kwa sababu kilichopotea hakirudi. Vikope, ugonjwa ambao watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins wamekuwa wakiuchunguza wilayani Kongwa tangu miaka ya 1980, unaletwa na bakteria. Unazuiwa kwa maji, nyuso safi na dawa. Anayekwambia kwamba mboga fulani inatibu haya yote anakupotezea muda ambao jicho halina.

Baada ya kusema hayo, bado chakula kina kazi kubwa.

Chukua lenzi yenyewe. Majimaji yanayoizunguka yamejaa vitamini C, mara nyingi zaidi ya iliyomo kwenye damu, na mwili wa binadamu hauwezi kuitengeneza vitamini hiyo. Mwaka 2016 watafiti wa King's College London walitoa matokeo ya wanawake mapacha waliofuatiliwa kwa miaka 10. Wale waliokula zaidi vyakula vyenye vitamini C walikuwa na hatari pungufu, kwa asilimia 33, ya ukungu wa lenzi kuongezeka. Vidonge havikuonyesha faida hiyo. Utafiti wa kufuatilia watu haumalizi mjadala, kwa kuwa anayekula matunda mengi mara nyingi ana mambo mengine mema maishani mwake. Lakini gharama ya kuufuata kwetu ni ndogo mno kiasi kwamba sioni sababu ya kungoja.

Mibuyu imejaa mkoani hapa. Unga mweupe wa ubuyu, gramu kwa gramu, una vitamini C mara kadhaa ya chungwa. Tatizo ni tunavyoutumia. Tunauchemsha, tunautia sukari nyingi na rangi nyekundu, na kwa kuwa vitamini C haivumilii moto, kinachobaki ni pipi. Loweka ubuyu kwenye maji safi ya baridi au ya uvuguvugu, koroga mpaka unga uachane na mbegu, chuja, kunywa siku hiyo hiyo. Mapera na mapapai yanafanya kazi ile ile. Zabibu za Dodoma ni tamu na ni fahari yetu, ila kwa vitamini C hazifikii pera, na sijaona ushahidi wa kuniruhusu nimwambie mzee kwamba zitamlinda macho.

Nyuma ya jicho, katikati ya retina, yaani utando unaopokea mwanga, kuna eneo dogo lenye upana wa milimita 5 hivi. Hilo ndilo linalotuwezesha kusoma, kutia uzi kwenye sindano na kumtambua mtu kwa sura yake. Limebeba rangi ya njano kwa sababu limehifadhi luteini na zeaksanthini, viini vinavyochuja mwanga mkali na kupunguza madhara yake. Mwili hautengenezi hata kimoja kati ya hivyo. Vinatoka kwenye majani ya kijani iliyokolea, kiini cha yai, mahindi ya njano na parachichi. Uzeeni eneo hili linaweza kuchakaa, mtu akabaki anaona pembeni lakini katikati pana giza. Kwetu ugonjwa huo hauwapofushi wengi kama mtoto wa jicho, ila upo.

Utafiti mkubwa wa Taasisi ya Taifa ya Macho ya Marekani, uliotolewa mwaka 2001, ulionyesha kwamba mchanganyiko wa vitamini C, vitamini E, betakarotini (rangi ya mimea ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A), zinki na shaba ulipunguza kwa takriban asilimia 25 uwezekano wa ugonjwa huo kufikia hatua mbaya. Utafiti wa pili, mwaka 2013, ulijaribu luteini miligramu 10 na zeaksanthini miligramu 2 badala ya betakarotini, kwa kuwa betakarotini ya vidonge ilishaonekana kuongeza saratani ya mapafu kwa wavutaji sigara. Mafuta ya samaki waliyoyaongeza hayakuleta tofauti.

Wauza vidonge wanaopita maofisini na kwenye semina hapa jijini wanazisimulia tafiti hizi nusunusu. Faida ilionekana kwa watu ambao tayari walikuwa na ugonjwa wa kiwango cha kati au walioathirika vibaya jicho moja. Haikuonekana kwamba vidonge vinamkinga mwenye macho mazima, na havikuzuia mtoto wa jicho. Inaniuma kumwona mstaafu akitoa sehemu ya pensheni kila mwezi kununua kopo ambalo hakuna daktari aliyemwandikia, wakati nusu kikombe cha spinachi iliyopikwa kina luteini inayokaribia miligramu 10 zile zile. Kama daktari wa macho amekupima na kukwambia uvitumie, vitumie. Kama hajakupima, fedha hiyo ianze kwa kukupeleka kwake.

Sasa tuje kwenye mlenda, kwa sababu hapa ndipo penye utajiri wetu na pia ndipo penye uvujaji wetu.

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na mvua yenyewe haizidi sana milimita 600 kwa mwaka. Majani mabichi ni ya miezi michache. Wagogo walilitatua hilo zamani kwa kuanika: mlenda wa porini, majani ya kunde, majani ya maboga, vyote vinakaushwa, vingine vinatwangwa vikawa unga, na familia inakula mboga ya kijani mwezi wa kumi wakati ardhi yote imekuwa kahawia. Hiyo ni akili kubwa ya chakula, na naiheshimu kuliko ushauri mwingi wa lishe unaotoka nje ukidhani kila mtu ana bustani ya kumwagilia.

Ila jua lenyewe linakula sehemu ya tunachokihifadhi. Betakarotini na luteini huharibiwa na mwanga na hewa, na vitamini C karibu yote huisha kwenye kukausha. Pale Soko la Majengo nilimuuliza mama mmoja anayeuza mlenda mkavu kwa kipimo cha kikombe alikokuwa ameuanika.

"Juani mwanangu, juu ya bati. Siku moja tu yamekauka kau, kesho nayatwanga."

Nikamuuliza kama amewahi kuanika kivulini.

"Mama yangu alikuwa anaanika ndani, kwenye uchaga. Lakini hiyo inachukua siku nyingi, na mteja hakuulizi umeanika wapi."

Alikuwa na mfuko wa plastiki wa kuonyesha bidhaa, ukining'inia kwenye jua la saa sita. Ukitazama vizuri unaona tofauti: unga wa juu umepauka na kuelekea kwenye kahawia, wa chini kabisa bado una ukijani. Rangi hiyo inayopotea inakwenda pamoja na virutubisho vyenyewe.

Kwa hiyo majani yaoshwe, yachovywe dakika chache kwenye maji yanayochemka, kisha yaanikwe kivulini penye upepo, na Dodoma upepo hatuna shida nao. Yakikauka yahifadhiwe kwenye ndoo yenye mfuniko au chombo kingine kisichopitisha mwanga. Walio na kikaushio cha jua kilichofunikwa wanafanya vizuri zaidi kuliko bati. Magadi nayo yapunguzwe, kwa kuwa yanaua vitamini C iliyomo kwenye nyanya na mboga mbichi zinazochanganywa humo, na mzee mwenye presha ya damu hahitaji chumvi nyingine iliyojificha.

Jambo la pili kwenye chungu cha mlenda ni karanga. Luteini na betakarotini haviyeyuki kwenye maji. Bila mafuta, sehemu kubwa hupita tumboni na kutoka. Kijiko cha karanga zilizotwangwa kinachotiwa kwenye mboga, kama bibi zetu walivyozoea, ndicho kinachoifungulia mboga ile mlango wa kuingia mwilini. Waingereza walikuja Kongwa mwaka 1947 kutafuta mafuta ya karanga kwa ajili ya kwao. Mradi ukafa mwaka 1951 na mitambo ikaachwa. Karanga za wakulima wadogo zimebaki, na alizeti ya Singida na Dodoma imekuja kuungana nazo ikiwa na vitamini E kwa wingi. Mafuta hayo hayo yakikaangiwa chipsi kutwa nzima na kesho yake yakarudiwa, vitamini E inakwisha.

Unga ni suala jingine. Mashine ya kukoboa inaondoa kiini na pumba, na humo ndimo zilimo zinki na vitamini E nyingi za hindi. Tunalipa kukobolewa, tunampa kuku kilicho bora, tunakula cheupe. Mahindi yetu meupe pia hayana karibu luteini yoyote. Ya njano yanayo, lakini wazee wanayakumbuka kwa unga wa msaada wa miaka ya njaa, ule walioubatiza "Yanga", na hadi leo ugali wa njano unachukuliwa kuwa ni wa dhiki. Sidhani kama tutaibadilisha kumbukumbu hiyo haraka. Mtama na uwele visivyokobolewa ni njia rahisi zaidi, maana hapa havihitaji kutangazwa, vinahitaji tu kurudishwa mezani.

Lakini kama ningeruhusiwa kubadilisha kitu kimoja tu kwenye sahani ya mtu mzima wa Dodoma kwa ajili ya macho yake, ningeanza na sukari. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban asilimia 9 ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari. Sukari ikikaa juu kwenye damu kwa miaka, mishipa midogo ya retina inavuja, mingine inaziba, kisha inaota mipya iliyo dhaifu inayopasuka. Yote haya hutokea bila maumivu, na mtu anaweza kuona vizuri mpaka wiki ile anapoacha kuona. Kisukari pia humleta mtoto wa jicho mapema. Hapa ushahidi hautetereki: anayedhibiti sukari na presha yake anapunguza hatari kwa kiasi kikubwa, na mwenye kisukari anapaswa kuchunguzwa retina kila mwaka hata kama anaona mpaka kilele cha mlima.

Na tazama tunavyowapenda wazee wetu. Mtoto anayefanya kazi mjini akienda kumsalimia mama yake Bahi au Chamwino, hubeba nini? Sukari kilo mbili, soda, mikate, biskuti, majani ya chai. Mgeni akifika kwa mzee anaagiziwa soda mzee naye anywe. Chai ya asubuhi inatiwa vijiko vitatu, uji unatiwa vinne, na anayepunguza anaonekana bahili. Heshima ile ni ya kweli na sitaki ife. Naomba tu ibadilishe mzigo. Kilo ya karanga, dagaa, trei ya mayai ya kienyeji, maharage, perege wakavu wa Mtera: kwa fedha ya mzigo ule wa zamani utapata angalau vitu viwili kati ya hivi, na kila kimoja kinaingia mwilini na kitu ambacho jicho linakihitaji. Nyama na dagaa wana zinki ambayo mwili unaichukua kirahisi kuliko ile ya nafaka. Yai lina luteini kidogo, lakini iliyokaa ndani ya mafuta yake tayari.

Kuna wazee ambao hata mzigo huo haufiki. Wanakula wanachowekewa, mara nyingi baada ya watoto kuondoka na mboga imebaki mchuzi. Meno yamepungua, sukuma wiki iliyokatwa kwa pupa inawashinda, basi wanaishia kwenye ugali mlaini na chai. Mlenda kwao ni chakula kilichotengenezwa kama kwa makusudi: unateleza, hautafunwi, unabeba karanga na majani kwa pamoja. Nimewasikia vijana wakiuita chakula cha kishamba mbele ya bibi yao. Bibi anasikia, na kesho yake anaacha kuuomba.

Mkoa wa Dodoma ulikuwa na watu milioni 2.08 kwenye sensa ya 2012, na milioni 3.09 kwenye ile ya 2022. Tumeongezeka kwa milioni moja katika miaka 10, wengi tukifuata makao makuu ya nchi, na tumekuja na mapishi ya mjini. Vibanda vya chipsi vimefuata barabara mpya. Sina ugomvi na anayejitafutia riziki. Ugomvi wangu ni na mipango ya lishe inayoishia kwa mama mjamzito na mtoto, kana kwamba mtu akishazaa na kulea hana tena mwili unaohitaji kulishwa. Wakuu wa mikoa wanasaini mikataba ya lishe na kupimwa kwa udumavu wa watoto, na ni sawa wapimwe. Hakuna anayeulizwa wazee wa mkoa wake wanakula nini.

Nafasi ipo tayari na haihitaji jengo. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji inafanyika kila robo mwaka, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii yupo pale na utepe wa kupima mikono ya watoto. Bibi mara nyingi ndiye aliyembeba mjukuu. Apimwe naye: asimame umbali wa mita sita asome chati ukutani, jicho moja moja, achomwe kidole aonwe sukari, apimwe presha, aulizwe jana alikula mboga gani na iliungwa na nini. Atakayeshindwa chati apewe rufaa siku hiyo hiyo, na asiambiwe suala la fedha ndilo kikwazo, kwa kuwa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilishaweka kwamba mwenye miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Anayevuta sigara aambiwe ukweli kwamba hakuna mboga inayoweza kufidia moshi ule, na wa jiko la kuni nao utafutiwe pa kutokea.

Maofisa lishe wa halmashauri wanaweza kuongeza jambo moja kwenye ratiba zao kabla mvua hazijakatika. Majani ya kunde yanachumwa kwa wingi Februari na Machi. Wakae na vikundi vya akina mama wanaokausha mboga, wawaonyeshe kuchovya na kuanika kivulini, na wawasaidie kupata wateja watakaolipa zaidi kwa unga wa kijani kuliko uliopauka. Mama wa Majengo alinieleza vizuri kwamba mteja hamuulizi ameanika wapi. Sisi wateja tuanze kuuliza.